Kanada mkopo wa mfanyabiashara mdogo na mtandao wa kijijini vilikaa wizara moja. Sisi wa mwambao wa Kigoma tuanzie wapi?

Mama Vichanja (Kigoma, mwambao wa kusini)

Habari za kazi, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mama wa dagaa, naanika na kuuza, na pembeni nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu. Kijiji chetu kiko ziwani, kusini ya Kigoma mjini, na njia yetu ya uhakika ni boti. Ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama na nina swali refu kidogo, naombeni mnivumilie.

Tumeomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mnajua ulisimamishwa 2023 na uliporudi 2024 ulikuja na utaratibu mpya. Siku hizi kikundi kinasajiliwa kwenye mfumo, kwa mtandao. Sina ugomvi na mfumo, naona ni haki zaidi, maana ombi lako linaonekana lilipo na nani analo.

Ila mnara wetu wa simu ni wa 2G, ule mtandao wa zamani wa polepole. Sauti inakwenda, meseji inakwenda, miamala inakwenda siku ikiwa nzuri. Picha haiendi. Afisa maendeleo wa kata alikuja mwenyewe, binti mchapakazi, tukakaa naye kibarazani kwa mtendaji na makaratasi yetu yote: katiba, muhtasari wa kikao, namba za NIDA, akaunti ya benki. Akapiga picha ukurasa mmoja mmoja. Kufika pa kupakia, kale kaduara kakazunguka, kakafika robo, kakarudi mwanzo. Hivyo hivyo mpaka simu ikaisha chaji. Mwisho viongozi watatu tukapanda boti kwenda mjini, tukalala kwa ndugu Ujiji, asubuhi tukaingia steshenari ya Mwanga, shilingi 1,000 kila ukurasa wa kuskani. Nauli, chakula na hiyo steshenari vimetoka kwenye hisa za akina mama kabla hatujaona hata senti ya mkopo.

Kibandani ni yaleyale. Pesa inaondoka kwa mteja, kwangu haifiki. Mteja amesimama na mtoto mgongoni anataka akanunue dawa, nami siwezi kumpa taslimu kwa pesa nisiyoiona. Nimeweka daftari: jina, kiasi, saa, sahihi yake. Mtandao ukitulia jioni ndipo tunamalizana. Na dagaa hawasubiri mtu. Masika yakishika, kichanja hakikauki, mzigo uliokauka inabidi uondoke na boti ya kwanza, na mnunuzi wa Kibirizi asiponipata simuni kwa wakati anachukua wa mwingine.

Sasa Kanada inaingiaje. Mdogo wangu yuko chuo Dodoma, anasoma mambo ya maendeleo, likizo alikuja na kitini cha sera ya viwanda ya Kanada ya miaka ya 1990 tukakipitia pamoja usiku. Kilichonikaa ni hiki: mwaka 1993 waliunganisha wizara wakapata moja iliyoitwa Industry Canada, na chini ya waziri mmoja (kwa muda mrefu alikuwa John Manley) vikawa pamoja viwanda, wafanyabiashara wadogo, masafa ya redio na sera ya simu. Mwaka 1995 wakaanza mpango wa Community Access Program, kompyuta zenye intaneti shuleni, maktaba na kwenye kumbi za vijiji. Ilipofika 1999 wakatangaza shule zote za umma na maktaba zote zimeunganishwa, na mwaka huohuo ikaanza kazi sheria mpya ya kudhamini mikopo ya wafanyabiashara wadogo, iliyopokea kijiti kutoka ile ya 1961.

Kwetu mnara uko wizara ya mawasiliano, SIDO, shirika la viwanda vidogo, iko viwanda na biashara, mkopo wa asilimia 10 uko TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Kila ofisi ina mpango wake na mipango yenyewe ni mizuri. Lakini mkopo siku hizi unapita kwenye simu, na simu haipitishi.

Naomba kujua kwa wanaoifahamu Kanada: kukaa wizara moja kulisaidia kweli? Nani alilipa? Na lipi hapo kata inaweza kulidai sasa, bila kungoja nchi itajirike? Kamati ya maendeleo ya kata inakaa mwezi ujao na diwani amenikubalia niwasilishe.

---

Mwana wa Kibirizi

Mama shikamoo. Nakuelewa, nami ni mtu wa ziwa. Lakini Kanada ni nchi ya G7, lile kundi la nchi saba tajiri. Ukisimama kwenye kamati ukaanza na Kanada, watakuambia sisi bado tunajenga madarasa na zahanati. Ningekuwa wewe ningeongea habari ya Kigoma tu. Nchi ile ina hela za kumwaga, ndiyo siri yote.

---

Fundi wa Kasulu, Saskatchewan

Mama Vichanja, shikamoo sana. Nimekulia Kasulu, sasa naishi mji mdogo kwenye jimbo la Saskatchewan, nyika ya ngano na kanola mpaka macho yanachoka. Natengeneza matrekta na mashine za kuvunia. Nikujibu kwa yale ninayoishi nayo.

Kwanza nimjibu ndugu wa Kibirizi. Hela wanazo, kweli. Lakini angalia hesabu ya mnara. Nchi hii ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba milioni 10 na watu wapatao milioni 40. Tanzania sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 kwenye eneo ambalo halifiki hata milioni moja. Mnara mmoja Kigoma unahudumia watu ambao huku ungehitaji minara mingi kuwapata. Kampuni ya simu ikiachiwa hesabu yake yenyewe, huku ndiko ingekimbia haraka zaidi. Kwa hiyo serikali ililazimika kuingilia tangu zamani. Mwaka 1972 walirusha setilaiti ya Anik A1 ili simu na televisheni zifike kaskazini kwenye barafu, wakawa nchi ya kwanza kuwa na setilaiti yake ya mawasiliano ya ndani kwenye mzingo wa kusimama juu ya ikweta. Na hapa Saskatchewan kabla ya hapo, kuanzia sheria za 1908, wakulima waliunda kampuni zao za simu kijiji kwa kijiji, wakachimbia nguzo wenyewe, na serikali ya jimbo ikashika laini za masafa marefu. Wakati ule hawakuwa matajiri. Walikuwa wahamiaji kwenye nyumba za udongo na nyasi. Kampuni ya simu ya jimbo, SaskTel, mpaka leo ni mali ya umma.

Nani alilipa? Hapa ndipo pa kushika, mama. Mwaka 2016 mdhibiti wao, CRTC, alitamka kuwa intaneti ya kasi ni huduma ya msingi, daraja moja na simu ya sauti, akaandika na kipimo: megabiti 50 kwa sekunde kupakua na 10 kupakia. Baada ya hapo ukaundwa mfuko wa dola za Kanada milioni 750 kwa miaka mitano, na wachangiaji ni kampuni za mawasiliano zenyewe, zile kubwa. Mwaka 2020 serikali kuu ikaleta mfuko mwingine kutoka hazina, Universal Broadband Fund, ukaanza na dola bilioni 1.75 na mwaka uliofuata ukaongezwa hadi 2.75. Lengo lililotangazwa ni kaya asilimia 98 ifikapo 2026 na zote ifikapo 2030. Unaona walivyofanya: wameandika kasi, wameandika mwaka. Mwananchi ana kitu cha kuwashikia.

Kuhusu mkopo. Ile sheria ya 1999 serikali haikopeshi. Benki ndiyo inakopesha, serikali inabeba hasara: mkopaji akishindwa, inailipa benki asilimia 85 ya hasara inayokubalika. Mkopaji analipa ada ya asilimia 2 ya mkopo wakati wa kuusajili. Ni mpango mzuri kwa mtu ambaye benki tayari inamfahamu. Mimi nilipofika benki moja hapa waliniangalia, sina historia ya kukopa nchini, wakakataa, dhamana ya serikali ipo vilevile. Uamuzi ni wao.

Kilichonisaidia ni Community Futures. Hizi ni ofisi za vijijini zilizoanza miaka ya 1980 kwa fedha za serikali kuu, zaidi ya 260 nchi nzima, na wanaoamua mkopo ni kamati ya wenyeji wanaojitolea. Kwangu alikuwepo mkulima, mwenye duka la vifaa, na mwalimu mstaafu. Hawakuuliza historia yangu ya benki peke yake. Walikuja gereji, wakaangalia mashine niliyokuwa nimeifungua, wakamuuliza mkulima mwenye ile mashine kama atanirudia msimu ujao. Akasema ndiyo. Mkopo ukatoka.

Halafu sikiliza, maana yanafanana na yako. Matrekta ya siku hizi bila kompyuta huwezi kujua ugonjwa wake, na programu za kompyuta zinashushwa kwa intaneti. Kabla nyaya za kasi hazijafika huku, nilikuwa nafunga gereji naendesha gari hadi mjini kushusha faili moja, na mkulima amekaa na ngano inayonyeshewa. Mkopo nilikuwa nao, vifaa nilikuwa navyo. Kazi ilikuwa inasimama kwa sababu ya mtandao.

Sitakuficha na mabaya. Bei za simu na intaneti huku zinauma, soko limeshikwa na kampuni tatu kubwa, Bell, Rogers na Telus. Vijijini bado wako nyuma ya mijini, na jamii za wenyeji wa asili ndizo za mwisho kabisa. Na ule mpango wa kompyuta za vijijini uliousifu, mwaka 2012 serikali kuu iliukatia fedha, ikasema watu wengi sasa wana intaneti nyumbani. Waliokuwa hawana nyumbani ndio waliokuwa wanautegemea.

Kuhusu wizara moja: ilisaidia kwa maana kwamba waziri hawezi kusema mtandao si wangu. Leo ina jina jingine refu, lakini masafa, mikopo ile ya dhamana na intaneti ya vijijini bado viko nyumba moja.

---

Mwana wa Kibirizi

Hapo kwa wakulima kuchimbia nguzo umenigusa. Nilikuwa sijui. Lakini bado nauliza, huku kwetu nani abebe? Tusiache swali hewani.

---

Minara Tabora

Habari zenu. Mimi ni fundi wa minara, kazi zangu zaidi ni Sikonge, Kaliua na Urambo. Jibu la ndugu wa Kibirizi: mfuko kama huo tunao. UCSAF, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, sheria yake ni ya 2006. Kampuni za simu zinachangia sehemu ya mapato, serikali na washirika wanaongeza. Unavyofanya kazi: mfuko unatangaza kata ambazo kampuni hazikwendi zenyewe kwa kuwa hazilipi, kampuni zinashindania zabuni, mshindi anapewa ruzuku ajenge na aendeshe. Mwaka 2023 Dodoma, Rais Samia akiwepo, ilisainiwa mikataba ya minara 758 kwenye kata 713, na hapohapo minara 304 iliyokuwa ya 2G ikawekwa kwenye mpango wa kuongezewa uwezo.

Mama, hapo kwenye 304 ndipo nilitaka ukodoe. Watu wengi wanaandika barua wanaomba mnara. Wewe mnara unao. Ukiomba mnara, anayesoma anafungua orodha, anaona kata ina mnara, barua inaishia hapo. Unachotakiwa kuomba ni kuongezewa uwezo. Mara nyingi nguzo inabaki ileile, inafungwa mitambo mipya juu, inaangaliwa na njia ya kurudisha data hadi mkongo, ule waya mkuu wa intaneti wa nchi. Mkongo wa Taifa umefika Kigoma muda tu. Kazi iliyobaki ni kutoka pale mjini hadi kwenu ziwani, kwa kawaida kwa mawimbi, kutoka mnara hadi mnara.

Na jambo jingine la kuandika: umeme. Uliposema mtandao unakata mchana na kutulia jioni, hiyo inaweza kuwa watu wengi kwenye chaneli chache, maana 2G ina nafasi ndogo. Ungekuwa unakata alfajiri kabla jua halijatoka ningesema betri za sola zimechoka. Andikeni saa unapokata na saa unaporudi, kila siku, wiki mbili. Fundi akiona hiyo karatasi anajua abebe nini kabla hajapanda boti.

---

Asali Sikonge

Mimi ni mfugaji wa nyuki, mwanamke, kikundi chetu kilipata mkopo huo wa halmashauri tukanunua mizinga ya kisasa na ndoo za kuhifadhia. Niseme neno moja kwa dada yangu wa Kigoma. Kwetu 4G ipo kwa sababu tuko karibu na barabara kuu, na kweli usajili tulimaliza mezani kwa katibu. Rejesho tunalipa kwa simu. Mnunuzi wa Dar anatumiwa picha ya asali kwenye ndoo na kipimo cha maji yaliyomo, anajibu bei palepale.

Lakini wenzetu walioko ndani ya pori, wenye asali nyingi kuliko sisi, hawamo kwenye mfumo. Asali wanatuuzia sisi kwa bei ya chini, sisi tunaiuza juu. Inaniumiza, maana mikono iliyopanda miti usiku na moshi ni yao. Aliyesajiliwa ni yule aliye karibu na mnara. Mkisema haya kwenye kamati semeni na hilo: mkopo wa wote ukipita kwenye mtandao wa baadhi, unageuka mkopo wa baadhi. Huko kwenu naamini ni vilevile kati ya mjini na mwambao.

---

Mama Vichanja (Kigoma, mwambao wa kusini)

Nimewasoma wote zaidi ya mara moja, mdogo wangu amenisomea na kwa sauti kwa akina mama. Fundi wa Kasulu, Mungu akuzidishie huko kwenye baridi. Ile ya kamati kuja gerejini kuangalia mashine imewafurahisha sana wenzangu. Mama mmoja amesema, waje waone vichanja vyetu, wahesabu magunia, wamuulize mnunuzi wa Kibirizi kama tunamdanganya.

Asali Sikonge, uliyosema ni kweli tupu. Kuna wachuuzi wa mjini wanaosajili kikundi cha dagaa na ziwani hawajawahi kulala hata usiku mmoja. Sisi tunaokesha kungoja karabai zirudi ndio hatumo.

Nimekwisha kuamua nitakachopeleka. Sitaomba Kanada. Nitaomba mambo mawili tu, maana kamati ukiipelekea kumi inapitisha sufuri. La kwanza, mnara uongezewe uwezo kutoka 2G, na kwenye barua tutaandika sababu moja kubwa: serikali imehamishia mkopo wake kwenye mtandao, kwa hiyo kata isiyo na mtandao wa data haijafikiwa na mkopo, hata fedha zikiwa zimetengwa. Nataka hiyo iandikwe kwenye muhtasari kwa maneno hayohayo. La pili, wakati tunasubiri, sekondari ya kata ina sola na ina kompyuta. Tunaomba iwekwe siku moja ya wiki vikundi viende kuandaa makaratasi yao pale, yaskaniwe, yawekwe kwenye flashi, na afisa maendeleo akienda mjini kwa kazi zake ayapakie huko. Hapo hakuna mama atakayelipa nauli ya boti kwa ajili ya kurasa sita. Huo ndio ule mpango wa Kanada wa 1995 kwa kiasi chetu, na tutaomba uwekwe kwenye bajeti ya kata usiwe hisani ya mwalimu mkuu, usije ukakatwa kama wa kwao.

Minara Tabora, daftari la kukatika nimelianza leo. Swali langu kwako ni moja: kwenye barua mnara tuutaje vipi ili asome mtu wa Dodoma aujue? Hapa kila mtu anauita kwa jina la mzee mwenye shamba.

---

Minara Tabora

Nenda getini. Kila kituo kina kibao kwenye uzio, kina namba ya kituo, herufi na tarakimu. Ipige picha, iandike kwenye kichwa cha barua pamoja na jina la kijiji, kata na wilaya. Nakala moja iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, moja UCSAF, moja TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ofisi ya kanda. Kampuni yenye mnara nayo ipewe. Na ile karatasi ya saa za kukatika ibandikwe nyuma, usiitume peke yake.

---

Fundi wa Kasulu, Saskatchewan

Mama, ukimaliza kuandika niwekee hapa kabla hujapeleka, niisome. Nikiona sehemu ya kuongeza ile ya CRTC kuandika kasi na mwaka nitakuwekea sentensi mbili. Dai na nyie tarehe.

---

Mama Vichanja (Kigoma, mwambao wa kusini)

Namba ya kituo nimeipata, kibao kipo, kimepauka lakini kinasomeka. Rasimu nitaiweka hapa Ijumaa nikienda mjini na mzigo, picha haziendi kutoka huku. Tarehe tutaidai: kabla ya dirisha lijalo la maombi ya mkopo.